Klachi ya gari la kasi ipimwe mlimani

Kati ya Masasi mjini na Newala kuna mlima ambao kila dereva wa Fuso anaujua kwa mguu wake wa kushoto. Masasi imekaa chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo jicho linashuka hadi Bonde la Ruvuma na Msumbiji iliyo ng'ambo yake. Chidya, ambayo wengi nje ya kusini wanaifahamu kwa shule yake kongwe iliyotokana na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, iko katika ukanda huohuo wa kupanda na kushuka. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga, mvua ni za msimu mmoja, na njia nyingi za vijijini hazijaonja lami. Anayewaza gari la kasi hawazi mahali kama hapa. Anawaza Dar es Salaam, au Naivasha wakati wa Safari Rally. Lakini msimu wa korosho ukienda vizuri na malipo ya minada yakatoka, fedha huingia kwa mkupuo, na Subaru Impreza iliyotumika Japani haiko mbali na ndoto za kijana wa Masasi au Tandahimba. Ikishanunuliwa, yanayofuata yanajulikana: kuongeza presha ya tabo, kupanua bomba la moshi, kuandika upya programu ya kompyuta ya injini. Klachi hukumbukwa mwisho, na mara nyingi ikiwa imeshaanza kunuka.

Ninachotetea hapa ni kwamba klachi ya gari lililoongezwa nguvu ichaguliwe kwa kuangalia joto itakalobeba gari linapoondoka, kabla ya kuangalia nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi ya aliyelichezea. Klachi huteleza kwa namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuteleza kwa kuzidiwa: uko gia ya nne, unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapaa lakini wa mwendo haunyanyuki. Hapo injini imeishinda nguvu ya klachi kushika. Ya pili ni kuteleza kwa makusudi, kule ambako dereva hukufanya kila anapoondoka, kwa kuwa gari limesimama na injini inazunguka, na lazima kitu fulani kati yao kisuguane mpaka viende sawa. Matangazo ya klachi za kisasa huuza dawa ya kuteleza kwa kwanza. Barabara za Masasi na Newala huua kwa kuteleza kwa pili.

Tuanze na kuzidiwa, maana ndiko hesabu ilikonyooka. Klachi ya kawaida ya gari dogo ni sahani moja iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti, kwa hiyo ina nyuso mbili za msuguano. Uwezo wake wa kushika ni zao la mambo manne: idadi ya nyuso hizo, kiwango cha msuguano wa lainingi, nguvu ya springi ya presha pleti, na umbali wa wastani kutoka katikati ya sahani hadi mahali inaposhikia. Impreza WRX ya mwaka 1992 ilitoka kiwandani na nguvu ya kusokota ya nyutonimita 304 na sahani ya klachi yenye kipenyo cha milimita 230. Tukadirie springi inayobana kwa nyutoni 7,000, lainingi ya kawaida yenye msuguano wa 0.3, na umbali wa wastani wa milimita 95. Jibu ni karibu nyutonimita 400. Kwa gari lisiloguswa hiyo ni akiba ya kama theluthi moja juu ya kinachohitajika, na akiba ya namna hiyo inatosha kwa gari la kila siku. Ukiongeza presha ya tabo mpaka injini ikafikia nyutonimita 400, akiba imekwisha na klachi itateleza siku ya kwanza utakayopanda mlima kwa gia kubwa. Sasa rudisha akiba. Ukiweka presha pleti yenye springi kali zaidi kwa asilimia 30 na kuacha lainingi ileile, uwezo unafika kama 520. Ukiacha springi ileile na kuweka sahani ya kauri yenye msuguano wa 0.4, unafika kama 530. Kwenye karatasi njia hizi mbili zinalingana. Barabarani hazilingani, na hapo ndipo mnunuzi hupotezwa.

Kuna neno la kibiashara linalotembea madukani kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road ya Nairobi: steji. Klachi ya steji ya 1, ya 2, ya 3. Msikiaji huamini kwamba kuna ngazi zilizokubaliwa, kama madarasa ya shule, na kwamba wa darasa la tatu anajua zaidi ya wa darasa la kwanza. Hakuna ngazi za namna hiyo. Kila kiwanda kinajipangia steji zake, na steji ya 2 ya mmoja inaweza kuwa na lainingi ya kawaida huku ya mwingine ikiwa na vipande vya kauri vilivyopangwa kama petali. Muuzaji aulizwe vitu vitatu tu: sahani imepimwa kushika nyutonimita ngapi, lainingi yake ni ya nini, na katikati yake kuna springi za kufyonza mtikisiko au hakuna. Akishindwa kujibu, hata sanduku likiwa zuri namna gani, mnunuzi atakuwa ananunua rangi ya sanduku.

Sasa tuje kwenye joto. Gari la kilo 1,400 likiondoka kwenye tambarare kwa kuongeza mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde katika kila sekunde, hadi pale klachi inapofungana kwenye mwendo wa kama kilomita 12 kwa saa, msuguano huzalisha karibu kilojuli 8 za joto. Liweke gari hilohilo kwenye mteremko wa asilimia 10, liondoke kwa haraka ileile, na joto linapanda hadi karibu kilojuli 13, kwa sababu klachi sasa inabeba kazi mbili: kulipa gari mwendo na kulizuia lisirudi nyuma. Ongezeko ni kama theluthi mbili, na nguvu za farasi hazijaingia popote kwenye hesabu hiyo. Gari lenye farasi 150 na lenye farasi 300, kama yana uzito mmoja na yanaondoka kwa haraka moja, huunguza klachi sawasawa hapo mwanzoni. Kuna tabia mbaya zaidi ya kuondoka, nayo ni kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, mtu akisubiri lori lililo mbele lisogee. Kwa gari letu, mteremko uleule, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na gia ya kwanza ikizidisha pamoja na difu kwa kiasi cha mara 14, klachi inageuza kilowati 4 na nusu kuwa joto bila kukoma, sawa na kuwasha majiko mawili ya umeme ndani ya kasha la giaboksi. Nusu dakika ya kusubiri namna hiyo ni sawa na kuondoka mlimani mara kumi au kumi na moja. Lainingi ikishapata moto, msuguano wake hushuka. Ukishuka kutoka 0.3 hadi 0.2, ile klachi ya nyutonimita 400 inabaki na kama 270, chini ya hata injini isiyoguswa. Ndiyo maana mtu huapa kwamba klachi yake ilikuwa nzima asubuhi Masasi na imekufa mchana Newala. Anasema kweli.

Mchanga ni mbaya kuliko mlima. Jambo hili halisemwi vya kutosha, labda kwa sababu mlima unaonekana kwa macho na mchanga unaonekana tambarare. Upinzani wa gurudumu linalozama kwenye mchanga mkavu uliolegea unaweza kufikia asilimia 20 ya uzito wa gari, hata kupita. Kwa klachi hiyo ni sawa na kuanza safari kwenye mteremko wa asilimia 20, na kwa mfano wetu joto la kuondoka linakuwa zaidi ya mara mbili ya lile la lami. Njia za uwanda wa Makonde wakati wa kiangazi zina vipande vya namna hiyo, na mwenye gari lililoshushwa chini kwa ajili ya urembo atakwama, atakanyaga klachi na mafuta kwa pamoja, atasogea nusu mita, atarudia. Hapa bodaboda nayo ina lawama yake. Vijana wengi wa kusini wamejifunza klachi kwenye pikipiki kabla ya kushika usukani, na klachi ya pikipiki nyingi ina sahani kadhaa zilizozama kwenye oili inayozipoza. Inavumilia kushikwa nusunusu kutwa nzima. Klachi ya gari ni kavu na ina sahani moja. Mkono uliozoea pikipiki ukihamia mguuni, sahani hiyo hulipa gharama za mazoea hayo.

Mpaka hapa mwenye hoja ya upande wa pili atainua mkono: kama adui ni joto, basi chukua kauri, kwa sababu kauri inavumilia joto ambalo lainingi ya kawaida ingegeuka majivu. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kauri haiungui kirahisi. Tatizo lake ni namna inavyoshika. Lainingi ya kawaida hushika polepole na humpa dereva nafasi ya kupima. Kauri hushika kwa ghafla, karibu yote au hapana. Kwenye mchanga, nguvu inayofika kwa ghafla hukata mshiko wa tairi, gurudumu linazunguka papo hapo, linachimba, na gari linakaa kwa tumbo. Mlimani, kwenye msongamano au unapohitaji kurudi nyuma taratibu, gari hutikisika na kuruka, kwa hiyo dereva huongeza mizunguko ili injini isizime, na hapo joto alilotaka kulikimbia analizalisha upya. Juu ya hayo kauri hula flaiwili haraka. Uvumilivu wake wa joto ni faida ya kweli kwa anayeondoka mara chache na kwa nguvu, akiwa na mafundi wanaomsubiri. Kwa anayeondoka mara arobaini kwa siku ni faida asiyoweza kuitumia.

Mfano wa mbio za magari huletwa sana hapa, na ukiangaliwa vizuri unasema kinyume na wanavyotaka wanaouleta. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, ushindi ambao bado unaziuza Impreza Afrika Mashariki. Gari lile lilikuwa na timu nzima ya kiwanda nyuma yake, vipuri vikisubiri kwenye vituo vya huduma. Anayetaka mfano unaofanana na maisha ya Masasi arudi nyuma zaidi. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda Safari ya mwaka 1966 na ya 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lenye injini ya lita 1.6. Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari katika nafasi ya 12 kwa Subaru Vivio, gari dogo ambalo mtu angelinunua kwa kwenda sokoni. Mbio zile zilikuwa za maelfu ya kilomita za vumbi, matope na milima, na zilimlipa aliyelifikisha gari mwisho likiwa zima.

Wengine hawataji kauri. Wanasema weka springi kali kupita zote, mara mbili ya ile ya kiwandani, usiwaze tena habari ya klachi. Akiba kubwa haimuumizi mtu, wanasema. Inaumiza, na kwanza inaumiza giaboksi. Klachi yenye akiba ya wastani huteleza kidogo dereva anapoiachia vibaya, na kuteleza huko ndiko kunakoyakinga meno ya gia. Ikikataa kabisa kuteleza, pigo lote linakwenda mbele, na giaboksi ya gia tano ya Impreza za zamani inafahamika kwa kutovumilia mapigo ya namna hiyo, hasa kwa kuwa magurudumu yote manne yanavuta na hakuna tairi la kuteleza badala yake. Sahani ni rahisi kuinunua kuliko seti ya gia. Kisha kuna mguu. Pedali inayohitaji nguvu maradufu humchosha dereva kabla hajafika nusu ya mlima, na dereva aliyechoka ndiye anayeacha mguu ukiegemea pedali. Kila kukanyaga kwa nguvu hiyo husukuma pia mhimili wa kranki dhidi ya beringi zake za pembeni, uharibifu usioonekana mpaka injini ifunguliwe.

Flaiwili nyepesi nayo inapendwa sana na vijana, kwa kuwa injini hupanda mizunguko haraka na sauti hunoga. Siipendekezi kwa njia hizi. Uzito wa flaiwili huhifadhi nguvu ya kuondokea na humeza sehemu ya joto la klachi. Ukiupunguza umepunguza vyote viwili mahali unapovihitaji zaidi.

Linabaki suala la fundi na spea, na hapa ndipo makala nyingi za magari zilizoandikiwa wasomaji wa Ulaya au Marekani haziwezi kumsaidia mtu wa Masasi. Spea nzuri inatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa basi linalovuka Daraja la Mkapa. Kwa hiyo klachi bora ya Masasi ni ile ambayo ikifa, nyingine ya saizi ileile itapatikana bila kuagiza Japani. Sahani ya milimita 230 yenye lainingi ya kawaida inapatikana. Sahani mbili zilizopachikwa pamoja na flaiwili yao maalumu hazipatikani. Njia ya mkato inayojulikana ni kuipeleka sahani iliyokwisha kwa fundi aivishe lainingi mpya kwa ribiti. Kwa lori linalotembea polepole si kosa kubwa, na wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi. Kwa gari la tabo nasema hapana, tena bila kusita. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ukingo wa sahani ya milimita 230 hukimbia mita 84 kwa sekunde, yaani kilomita 300 kwa saa, na kila gramu moja ya lainingi iliyoko ukingoni huvutwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 6. Ribiti zilizopigwa kwa nyundo chini ya mwembe hazikupimwa kwa hilo. Zikiachia, vipande hutoboa kasha la giaboksi, na kasha hilo liko karibu na miguu ya dereva. Bidhaa bandia zina hatari ileile ikiwa ndani ya sanduku zuri. Exedy, kampuni ya Japani iliyokuwa ikiitwa Daikin mpaka mwaka 1995 na inayotengeneza klachi za magari mengi ya Kijapani, ni miongoni mwa majina yanayoigwa, kwa hiyo bei ya chini kupita kiasi ichukuliwe kama onyo.

Yupo atakayesema lami inakuja na itayamaliza haya yote. Barabara ya Mtwara, Newala na Masasi, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa vipande tangu kile cha kwanza cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata. Lami itaondoa mchanga kwenye barabara kuu, na hilo si dogo. Haitashusha mlima, wala haitafika kwenye kila njia inayoelekea mashamba ya mikorosho. Tena lami huongeza mwendo, na kwa mwendo huo kuteleza kwa kuzidiwa kutajitokeza kwa wale waliojidanganya kwamba klachi ya kiwandani inatosha kwa injini yoyote.

Hukumu yangu, basi, kwa mwenye Impreza ya tabo anayekusudia kufika nyutonimita 400 na kulitumia gari lake kati ya Masasi, Chidya na Newala, ni hii. Achukue sahani moja ya saizi ya kiwandani, lainingi ya kawaida ya daraja la juu, yenye springi za kufyonza mtikisiko katikati. Aiwekee presha pleti iliyoongezwa ukali kwa asilimia 30 hivi, isizidi 40. Abaki na flaiwili ya uzito wa kiwandani, ikerezwe kwenye mashine mpaka uso wake uwe sawa. Beringi ya klachi ibadilishwe siku hiyohiyo, pamoja na sili ya oili iliyo nyuma ya injini, maana tone moja la oili juu ya lainingi hufuta hesabu zote zilizotangulia. Kwa kilomita 500 hadi 800 za mwanzo aendeshe kwa utaratibu, bila tabo kubwa na bila kuvuta mzigo, lainingi ipate kukaa. Mlimani asimame kwa breki ya mkono. Na kama fedha ya msimu huu inatosha ama kuongeza presha ya tabo ama kununua klachi, anunue klachi, na kompyuta ya injini aiache kama ilivyotoka kiwandani mpaka mnada wa mwakani.